Tata Mzimasi Tshefu, Mwenyeji wa Mbwa Siku za Fataki

Mwaka umetimia leo, Tata, baba yetu, tangu jioni ile ya mkesha wa Mwaka Mpya ulipotutoka, ukiwa umeketi kwenye kizingiti cha nyumba yako hapa Mdantsane.

Ulikuwa tarishi wa posta. Mbwa wa mji huu walikuuma miaka mingi, ukastaafu na makovu miguuni, na bado ukawapenda. Kila Desemba, majirani walipofunga safari kwenda vijijini kwao, uliwaomba wakuachie mbwa wao. Uliwaweka sebuleni, ukashusha mapazia, ukafungulia redio kwa sauti ya juu ili wasisikie fataki. Mama alinung'unika, "Nyumba hii ni yangu au ya mbwa?"

"Ni yako, mama watoto," ulimjibu. "Hao ni wageni tu, na mgeni haulizwi anaondoka lini."

Siku ya Krismasi ulipita meza hadi meza ukiwazuia watu wasiwatupie mbwa mifupa ya kuku. "Mfupa uliopikwa unatoboa utumbo!" Watoto walikuigiza nyuma ya mgongo wako. Ulijua, ukajifanya husikii.

Mwaka jana jirani yetu Sandile ndiye aliyekukatalia mbwa wake. "Tata, mlinzi gani huyo wa kuogopa fataki? Bamba atabaki getini na mnyororo wake."

"Na wewe radi ikipiga si unajifunika blanketi gubigubi? Mbona hatukufungi getini?"

Alicheka, akasafiri.

Jioni ile ya mkesha fataki zilianza hata jua halijazama. Bamba aliruka ukuta kwa hofu, mnyororo ukamkaba, akaning'inia upande wetu. Daktari alikuwa amekukataza kukimbia kwa ajili ya moyo wako. Ulikimbia, na soksi tu miguuni. Ulimwinua begani apate pumzi, naye akakung'ata mkono huku mwanao Lwandile akihangaika kuufungua mnyororo.

"Mwache aume," ulisema. "Anayeuma yu hai."

Kisha ukaketi kizingitini, ukaagiza maji, ya mbwa kwanza. Tulipoyaleta, ulikuwa umekwenda.

Tuseme kweli, Tata, hatukutaka kumtia Sandile machoni. Mwanao Phumeza alimfukuza hata msibani. Tukaishi naye ukuta kwa ukuta, salamu hakuna. Mwezi huu alikuja mlangoni, kofia mkononi, Bamba kando yake.

"Mama, mwaka huu siendi kijijini. Niruhusu nikae na mbwa wa mtaa, kama alivyokaa nao yeye."

Mama alisogea kumpisha. Akasema, "Ingia. Lakini vua viatu, nimedeki."

Basi mbwa wamo sebuleni, na Sandile katikati yao, ana mikwaruzo hadi shingoni. Si majirani wote waliosikia wakaleta mbwa wao. Mtaa wa nyuma mbwa wawili wamekwisha kupotea, na Lwandile yuko huko anawatafuta.

Bado tunakulaumu kwa kukimbia vile. Na tunajua ungekimbia tena.

Unakumbukwa na mkeo Nozuko, ambaye bado analala upande wake tu wa kitanda, wako ameuacha. Wanao Lwandile na Phumeza. Dada yako Nokwezi. Wajukuu zako wote. Na jirani yako Sandile. Jina lake hatukuwa tumeliweka. Phumeza ndiye aliyesema liandikwe.

Hutasahaulika, Tata, maadamu tungali hai.