Miiba Imepanda Kilima

Mwaitu, mama yangu,

Nakuandikia watoto wakiwa wamelala. Ni mwezi wa saba, ile baridi yenye ukungu. Jana nilimpoteza mwanangu Mumbua kilimani, hapa juu ya Matiliku kwetu. Nimempata. Lakini wacha nikuambie, maana hakuna mwingine ataelewa.

Unakumbuka nilipopotea mimi? Nilikuwa na miaka saba, kama yeye sasa. Ukungu ulitushukia tukiokota kuni, nikaanza kulia. Hukuja mbio. Ulipaza tu sauti: "We, wacha kulia kama mbuzi! Umesimama na nani?"

"Niko peke yangu!"

"Na hiyo miti je? Nitajie."

Nikakutajia majani mapana, kamba za kutambaa, maua meupe, vitu vingi mpaka nikasahau kulia. Ukajua niko katikati, mahali kila aina imerundikana. Ulikisoma kilima hivyo: chini miiba na miti mikavu, aina chache; katikati msongamano, huwezi kumaliza kuhesabu; juu kabisa aina zinapungua tena, miti mifupi iliyopinda, imevaa manyoya ya kijani yanayodondosha maji. Na huko juu ndiko kuna lile jabali linaloishia hewani.

Basi jana tulikuwa katikati ya kilima tukiokota kuni, mdogo wa Mumbua mgongoni mwangu; nikageuka, Mumbua hayupo. Nikaita. Alirithi jina lako, mwaitu, kwa hivyo ni wewe pia nilikuwa naita. Akaitika, lakini sauti iligonga mawe, sikujua inatoka wapi.

"Uko karibu na nini?"

"Miti tu!"

Miti tu. Nimemfundisha kuosha vyombo na kusali, sijamfundisha mti hata mmoja.

"Angalia vizuri!"

"Kuna miiba, mama!"

Nikashuka mbio. Si ulisema miiba ni ya chini? Lakini kila nikiita, sauti yake inazidi kuwa ndogo. Nikasimama, nikaangalia. Siku hizi miiba imepanda. Pale tulipokata miti mikubwa tukachoma makaa, ndiyo imeingia, mpaka karibu na juu. Nilikuwa namkimbia mwanangu. Nikageuka, nikaanza kupanda.

"Mumbua! Gusa mti. Ukoje?"

"Una manyoya. Umelowa."

"Ukumbatie! Usisogeze mguu, unanisikia? Ukisogea nitakuchapa!"

Nilimkuta hatua kama kumi kutoka kwenye ukingo wa jabali.

Jioni akamwambia jirani yetu, Mama Kioko: "Mama hakuogopa. Alikuwa ananiuliza mambo ya miti tu." Sikumsahihisha. Mama Kioko akanigeukia: "Na wewe, usiwapeleke watoto huko tena, kwani una wangapi?" Nikamwambia Jumamosi tunarudi. Akaguna, akaenda zake.

Tutarudi. Nitamshika mkono tuanzie chini, nimfundishe kilima kilivyo sasa, si vile ulivyoniachia. Nimechoka, lakini hilo halingoji nipumzike.

Ila naogopa, mwaitu. Naogopa hata nitakachomfundisha hakitakuwa mahali pake akiwa na watoto wake. Miiba ikizidi kupanda, majani mapana yatasogea juu. Lakini ile miti yenye manyoya iko juu tayari. Ikisukumwa, itaenda wapi?

Pumzika wewe hapo kaburini. Mimi bado sijaweza.

Binti yako,
mama yake Mumbua