Flashi Aliyoichomoa Mama

Ikuti, Rungwe
Ijumaa, 6 Juni

Kwa dada yangu mpendwa Tupokigwe,

Shikamoo dada. Najua ukiuona mwandiko wangu juu ya bahasha utataka kuitupa kabla hujaifungua, kwa hiyo nakuomba kwa heshima zote uisome kwanza, kisha uitupe ukipenda. Shemeji hajambo? Na Lusungu, mjomba wake namwulizia, zile homa zimemwachia? Wodini mmeongezewa watu au bado unabeba zamu za wenzako? Sisi huku miili ni mizima. Mvua zimekata, baridi ya Juni imeshuka na ukungu wake, na asubuhi wachuma chai wanapita hapa wamejifunika hadi puani. Maparachichi yale mawili ya nyuma ya jiko yamezaa mpaka tawi moja limekatika.

Nimeshika kalamu kwa sababu simu zangu hupokei na ujumbe wangu husomi. Sikulaumu. Barua hii anakuletea Mwalimu Janeth, mwenzangu hapa shuleni, ambaye kwao ni Mwanza na anakwenda likizo. Nimemwomba akukabidhi mkononi, asimwachie mtu mapokezi. Ukimwona, mpokee vizuri, yeye hana kosa lolote.

Dada, bado nimepigwa na butwaa. Wanafunzi wangu wananiuliza swali nawatazama tu. Juzi niliandika tarehe ubaoni nikasimama na chaki mkononi mpaka darasa likaanza kucheka. Ngoja nianze mwanzo, maana nilipokupigia mwezi uliopita nilikuwa napiga kelele na hukuelewa kitu zaidi ya kwamba sauti ya baba imefutika.

Ile kompyuta ndogo niliyoinunua Mbeya, ile uliyonicheka ukasema inafanana na sanduku la sabuni, ndiyo niliyoifanya seva ya nyumbani. Maana yake ni kompyuta inayokaa macho muda wote, ikitunza picha zetu, masomo ya wanafunzi wangu na sauti za baba, na mtu yeyote wa familia mwenye simu anaweza kuvifikia. Diski yake ilikuwa imekufa tangu nilipoinunua. Mwalimu wa fizikia hashindwi, nilijisifu hivyo, unanijua. Nikaweka mfumo wa Linux kwenye flashi, nikaichomeka ubavuni, na kompyuta nzima ikawa inaishi kwa kijiti kimoja cha ukubwa wa kidole gumba. Nikaifungia na betri ya sola ili umeme ukikatika isizimike. Kwa miezi mingi haikuzimika hata mara moja, na nilitembea kifua mbele kana kwamba nimejenga daraja.

Mwezi wa pili, baba alipoanza kuona miguu haimbebi, aliniambia mwenyewe kwamba anataka kuongea na hicho chombo. Nilishangaa, maana Mzee Ambindwile hata kwenye simu alikuwa akisema maneno matatu na kukata. Lakini mchana baada ya mchana alikaa kwenye kiti chake chumbani, akaeleza mipaka ya shamba, majina ya mababu, na jinsi walivyohama kutoka Masoko wakiwa na ng'ombe wawili. Simu yangu ilirekodi, ikatuma kwenye seva, kisha ikafuta kwake kwa sababu ilikuwa imejaa. Siku ya mwisho alisema ana maneno ya Tupokigwe peke yake, akanitoa nje. Nilipogonga mlango na kurudi, alisema tu kwamba utasikiliza ukiwa hapa nyumbani, umekaa, si kwenye simu barabarani.

Mimi na wewe tunajua maneno hayo yalikuwa na uzito gani. Miaka sita baba hakutamka jina lako mbele ya watu tangu ulipoolewa bila yeye kukubali. Ulipokuja kumzika nyumba ilijaa waombolezaji, ukasema utakuja Desemba usikilize kwa utulivu. Uliniambia pale kwenye migomba kwamba una hamu na una hofu, kwamba hujui kama alikusamehe au alikulaani. Nilikwambia uwe na amani, sauti ipo, haiendi popote. Maneno hayo niliyasema mimi, kwa mdomo huu.

Sasa ya mama unayajua nusu. Jumatano ya tarehe saba Mei alikuwa na zamu ya kuandaa nyimbo za kwaya ya akina mama. Unajua huku flashi ni kitu cha nyimbo, kila redio ina tundu lake, na hakuna nyumba ambayo flashi inakaa bure. Aliiona imechomekwa ubavuni mwa sanduku, hakuna anayeisikiliza, akaichomoa, akaenda nayo Tukuyu kwa Jairo wa steshenari amwekee nyimbo. Kompyuta ya Jairo haikuielewa flashi ya Linux, ikamwambia lazima ifomatiwe kwanza, yaani ifutwe yote, na Jairo, kama anavyowafanyia wateja wote, akabonyeza kukubali. Mama akarudi na nyimbo ishirini na mbili, akachomeka kwenye redio ya jikoni, akapika huku anaimba. Hakuficha chochote. Aliniimbia hata mimi.

Nilikuja kugundua Jumanne iliyofuata. Nilitoka shuleni, nikatupa jicho kwenye seva, nikaona tundu ni tupu. Nikakimbilia jikoni, nikaichomoa ile flashi kwenye redio katikati ya wimbo, nikairudisha kwenye sanduku, nikazima, nikawasha. Kioo kikawa cheusi, kikaandika kwamba hakuna mfumo. Nikarudia mara tatu. Ndipo nikamgeukia mama na kumfokea kwa sauti ambayo sijawahi kumpandishia mzazi, mpaka jirani akatokea kuuliza kuna msiba gani tena. Kisha nikakupigia wewe.

Nawe ulimpigia. Simu ilikuwa kwenye spika kwa sababu mama hasikii vizuri sikio la kushoto, kwa hiyo nilisikia ulipomwambia kwamba baba alikufa mara moja na yeye amemuua mara ya pili. Mama aliweka simu juu ya meza taratibu, akaenda kukata majani ya ng'ombe.

Tangu siku ile hujui tunavyoishi. Kwaya ameacha, kasema koo linamsumbua. Redio aliifunga kwenye kanga akampelekea jirani. Kinachonitoa machozi ni hiki: hagusi tena kitu chochote chenye waya humu ndani. Nikichelewa shuleni namkuta amekaa gizani ananisubiri mimi niwashe taa. Nilimwuliza kwa nini asibonyeze swichi, akasema mkono wake una balaa, anaweza akafuta kitu kingine. Mama yetu huyu, aliyekuwa anakata kuni na kukama ng'ombe asubuhi moja na bado anawahi ibada ya kwanza.

Niliipeleka flashi Mbeya kwa fundi mmoja, Medard, ambaye kazi yake ni kurudisha vilivyofutwa. Alinionya nisitegemee sana. Jumatatu ya tarehe ishirini na sita Mei akanipigia kwa furaha: amepata karibu kila kitu. Nilipanda gari nikiwa nacheka peke yangu kama kichaa. Nilipofika akanionyesha picha za harusi ya ndugu yetu Bupe, mitihani yangu, nyimbo za zamani, vyote salama. Nikamwuliza sauti za mzee ziko wapi. Akatafuta mbele yangu kwa saa nzima. Hakuna. Akaniambia kwa upole kwamba ukiacha nyimbo za Jairo, flashi hii haijaandikwa kitu kipya tangu mwezi wa kwanza, na kwamba kitu ambacho hakijawahi kuwemo hakiwezi kurudishwa.

Dada, sasa nakuungamia. Nilikaa sakafuni pale kwa fundi, mbele ya wateja.

Flashi huchakaa ukiiandikia kila dakika. Ya kwanza ilinifia ndani ya miezi mitatu. Kwa hiyo hii ya pili niliipanga kijanja: seva ikiwashwa inanakili kila kitu kwenye kumbukumbu yake ya ndani, ile ya muda, inafanyia kazi humo, na flashi haiguswi mpaka mimi mwenyewe niamuru ihifadhi. Ni amri moja, dada. Neno fupi na kubonyeza kitufe. Baba alipokuwa akiongea nilisema nitahifadhi akimaliza yote. Alipomaliza tukaanza safari za hospitali. Kisha msiba. Kisha nikasahau, kwa sababu kila nilipofungua sauti zilikuwa zinasikika vizuri, na kinachosikika mtu hakitilii shaka.

Hilo peke yake lingetosha kunilaza macho wazi. Lakini nikiwa pale chini nilianza kuhesabu siku, na hapo ndipo mshtuko wenyewe uliponipata. Mama alichomoa flashi Jumatano. Jumapili baada ya ibada baba mdogo Alinanuswe alikula kwetu, akaomba amsikie kaka yake, nami nikamfungulia kwenye simu yangu ile habari ya kuhama Masoko. Tuliisikiliza hadi mwisho, baba mdogo akafuta macho. Jumapili, dada! Siku nne flashi haipo, imeshafomatiwa, inaimba jikoni, na sauti ya baba bado iko hai kwenye ile kumbukumbu ya ndani, haijaguswa na mtu. Ingekaa humo hadi leo. Kinachoifuta kumbukumbu ile ni kitu kimoja tu, kuzima.

Aliyezima ni mimi. Jumanne ile, kwa papara, bila hata kuangalia kama inafanya kazi. Taa yake ya kijani ilikuwa inawaka na niliiona. Ningechomeka flashi nyingine yoyote, hata ya mwanafunzi, nikanakili, tungekuwa na kila neno. Badala yake nilifanya kile ninachowaambia walimu wenzangu kila siku mashine ikiwasumbua, zima uwashe. Mama hakumfuta baba. Nilimfuta mimi, kisha nikageuka nikamfokea yeye.

Na ubaya haukuishia hapo. Niliyajua haya siku ile ile kule Mbeya, na nikanyamaza. Siku kumi nimekula chakula cha mama, nimemwashia taa, nimemwacha aamini mkono wake una balaa. Kila asubuhi niliamua kusema na kila jioni nilipata sababu. Nilikuwa na aibu, na niliogopa utakavyonitazama Desemba. Huyo ndiye mdogo wako, mwalimu anayesifiwa kwa akili.

Jana nimemwambia. Alikuwa anamenya ndizi nje ya jiko. Nilipiga magoti nikaeleza yote, nikamwambia kwamba hata asingeigusa flashi, sauti zisingekuwemo, na kwamba siku nne baada ya yeye kuichomoa baba alikuwa bado anaongea. Aliendelea kumenya hadi ndizi zikaisha kwenye beseni. Kisha akaniuliza kama nina uhakika. Nikasema ndiyo. Akalia kidogo, akajifuta kwa mkono uliojaa utomvu, akanishukuru, ndaga, mwanangu, kama mtu aliyepewa zawadi. Nilitamani anipige.

Baada ya hapo aliniambia jambo ambalo sikulitegemea, na ndilo hasa lililonifanya nikeshe nikitafuta maneno ya kukuandikia. Siku ile baba aliponitoa nje, mama alikuwa chini ya dirisha la chumba anachagua maharage. Hakukusudia kusikiliza, ila dirisha lilikuwa wazi. Anasema baba alikuita kwa kifupi cha jina lako. Tupo. Akanyamaza. Tupo. Akanyamaza tena. Mara ya tatu sauti ikamkatika, akaanza kulia, na alilia hadi nilipogonga mlango. Hapakuwa na neno jingine. Dakika zote kumi na mbili za rekodi ile, ambazo sisi tulidhani ni hotuba, zilikuwa jina lako na kilio.

Nilimwuliza mama kwa nini hakusema siku zote hizi. Akajibu kwamba machozi ya mwanamume mzima hayasimuliwi na mtu aliyeyasikia dirishani, wewe ungeyasikia mwenyewe kutoka kwake. Na baada ya sauti kupotea, yeye ndiye aliyekuwa mshtakiwa, nani angemwamini? Angeonekana anatunga ili apate kusamehewa.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Ukija Desemba utaniambia uso kwa uso lolote unalotaka, nami sitajitetea. Ninachokuomba kwa sasa ni kwamba mama akikupigia, upokee. Nimemfundisha tena kushika simu na leo asubuhi aliibonyeza mwenyewe.

Baba mdogo Alinanuswe anakusalimu sana, na shangazi wa Kisondela anauliza lini utamleta Lusungu amwone. Msalimie shemeji, mwambie deni la ule mkungu wa ndizi niliomwahidi halijafutika. Mbusu mtoto kwa niaba yangu.

Mama naye amekaa hapa pembeni, ananiangalia ninavyoandika. Anasema nikuandikie kwamba ameishi na baba miaka arobaini na mmoja, kilio chake cha hasira anakijua, na kile hakikuwa cha hasira.

Ni mimi mdogo wako mwenye makosa,
Gwakisa