Oili ya Jumamosi

Maretadu,
9 Machi 2024

Mwanangu Kasian,

Salamu nyingi kutoka kwetu wawili. Sisi huku hatujambo, mvua imeanza na mahindi yameshatokeza. Tunatumaini huko Tunduru nawe ni mzima na wanafunzi wako hawajakumaliza.

Simu yako ya Jumapili iliita, nikapokea, nikasikia mvumo tu kama nyuki kwenye mzinga. Masikio yangu yamezeeka kabla yangu. Tuandikiane kama zamani, barua nitakuwa nampa kondakta wa basi.

Gari ulilotununulia lilifika salama. Mama yako alilizunguka, akaligusa, akasema ni zuri mno kwa kubeba mgonjwa. Sasa kila baada ya wiki tatu Tadei, mtoto wa shangazi yako wa Gehandu, anampeleka hospitali kuwekewa dawa ya ule uvimbe wa tumboni na anamrudisha siku hiyo hiyo. Unakumbuka mara ya kwanza tulipanda lori la vitunguu swaumu, tukanuka wiki nzima.

Kuhusu utunzaji usiwe na wasiwasi. Unalijua plau langu. Kila nikimaliza kulima nalipaka oili chafu, na halijawahi kuona kutu. Gari nalo nalifanyia hivyo. Jumamosi nafungua boneti, naosha injini kwa dizeli, halafu napitisha brashi ya oili kila mahali, chuma, waya, raba, sibagui. Linang'aa. Mama yako analalamika kwamba hata siku ya harusi yetu yeye hakupakwa mafuta mengi hivyo.

Ni sisi,
Baba na Mama

*

Tunduru,
2 Aprili 2024

Baba na Mama,

Shikamooni. Mimi ni mzima, kazi inaendelea. Nimefurahi kusikia hamjambo.

Barua yenu niliwasomea walimu wenzangu ofisini, wakacheka mpaka kengele ikagonga. Mwenzangu Ignasi ana gari jipya kuliko letu na injini yake imejaa vumbi kama njia ya mbuzi. Nimemwambia aje Maretadu apate mafunzo. Endelea hivyo hivyo, Baba.

Gari hili nililikopea, na makato yatanifuata miaka mitano. Silalamiki. Nililinunua kwa kazi moja tu, Mama asikose dawa. Daktari alituambia wote watatu: akimaliza dozi zote ana nafasi nzuri, akikatisha uvimbe utarudi na hautasikia dawa tena. Mengine yote kwenye nyumba yetu yanaweza kusubiri.

Mwanenu,
Kasian

*

Maretadu,
17 Agosti 2024

Mwanangu Kasian,

Tunakusalimu sana. Sisi tupo, tunapukuchua mahindi. Maharage hayakuwa mabaya. Mama yako amepungua mwili lakini ulimi wake haujapungua.

Kuna jambo la gari. Asubuhi likiwashwa linatetemeka mwili mzima kama mtu mwenye malaria. Tadei akiweka gia ya kurudi nyuma kunapiga kishindo chini, unadhani kuna ng'ombe amefungiwa mle ndani anapiga teke. Likisimama na injini inaunguruma, viti vyote vinacheza. Tadei anasema ni barabara yetu hii ya mawe. Labda. Mimi nilikaa nyuma na Mama yako safari iliyopita nikamwona ameshika tumbo kwa mikono miwili, ameuma midomo. Nilimuuliza kama inamuuma. Akasema hapana, ni baridi tu.

Mimi naona kuna kitu kimekauka mle ndani, maana kitu kikilia namna hiyo kinaomba mafuta. Nimeongeza oili. Sasa napaka Jumamosi na Jumatano.

Ni sisi,
Baba na Mama

*

Tunduru,
6 Septemba 2024

Baba na Mama,

Shikamooni. Mimi ni mzima.

Nimeuliza fundi hapa. Anasema dalili hizo ni za maunting, yaani raba za kukalishia injini. Baba, injini haikufungwa chuma kwa chuma. Imekalishwa juu ya raba nne nene, zinameza mtikisiko ili usifike kwa abiria. Raba zikifa, injini inarukaruka na kila mtu ndani anaisikia mwilini. Anasema zinakufa kwa uzee na kwa barabara mbovu, na gari letu lina vyote viwili.

Bei imenikaba. Mpya moja ni laki mbili na nusu, ya mtumba ni laki moja, na ufundi juu yake. Fundi anashauri zibadilishwe zote nne kwa pamoja, kwa sababu ukiweka nzima moja katikati ya wagonjwa watatu, hiyo moja ndiyo itabeba mzigo wa wote. Najua anasema kweli. Lakini baada ya makato mshahara unaobaki hauniruhusu. Nimetuma ya mtumba moja, ile ya kulia ambayo hubeba uzito zaidi. Mpelekeeni fundi Nicodemo pale Dongobesh aifunge. Nyingine tutazifunga Januari.

Mama, kama inakuuma kwenye gari, tafadhali sema.

Mwanenu,
Kasian

*

Maretadu,
11 Novemba 2024

Mwanangu Kasian,

Salamu. Sisi tupo. Mama yako ameniambia nisikuandikie haya, kwa hiyo naandika yeye akiwa amelala.

Nicodemo aliifunga ile raba na gari likatulia karibu kabisa. Nilifurahi nikaipaka oili yenyewe peke yake, nyingi, kama mgeni anavyopewa kiti kizuri. Haikumaliza hata miezi miwili. Jumanne iliyopita tulikuwa njiani kwenda hospitali, na kwenye ule mteremko baada ya mto kukatokea mlio wa chuma. Injini iliinama upande mmoja ikakata mpira wa maji ya rejeta. Maji yote yakamwagika barabarani, mvuke ukatufunika.

Mama yako alikaa juu ya jiwe kuanzia asubuhi mpaka jua lilipoanza kuinama, Tadei akitafuta wa kutuvuta. Nilimwekea koti langu. Tulivutwa na trekta kurudi nyumbani, hospitali hatukufika. Alipoingia ndani aliniambia, "Basili, mimi kwenye gari sipandi tena."

Nilidhani ni hasira ya siku moja. Juzi nilileta gari la kukodi mpaka mlangoni. Alijifanya amelala. Dereva alisubiri, nikamlipa, akaondoka tupu.

Nicodemo anasema raba zote nne zimekwisha, na ekzosi imepasuka pia. Anataka laki tisa na zaidi. Nitauza mtamba. Lakini gari hata likipona, yeye ndiye hataki. Sijui nimwambie nini, mwanangu. Zungumza naye wewe, anakusikiliza kuliko anavyonisikiliza mimi.

Ni sisi,
Baba na Mama

*

Tunduru,
20 Novemba 2024

Mama,

Shikamoo. Barua hii ni yako, Baba atakusomea.

Nimepiga simu ya Tadei siku tatu, kila mara anasema umepumzika. Mama, usipumzike hivyo. Zimebaki dozi tatu tu. Nimeomba mkopo mwingine kwenye chama chetu cha walimu, nitalipia raba zote nne, mpya, na gari litakuwa laini kama kitanda. Kabla ya hapo Tadei akodi gari lolote linalotembea taratibu, nitalipa mimi. Nikimaliza kusahihisha mitihani ninakuja, na nitakubeba mwenyewe mpaka ndani ya gari.

Sijakuomba kitu kikubwa tangu ulipokubali niende chuo. Nakuomba hiki. Twende tukamalizie dawa.

Mwanao,
Kasian

*

Maretadu,
2 Machi 2025

Mwanangu Kasian,

Natumaini ulifika kazini salama baada ya arobaini ya Mama yako. Nyumba ni kubwa. Shangazi yako alibaki wiki moja akarudi Gehandu, ana ng'ombe wake.

Nicodemo alikuja na zile raba nne ulizolipia Novemba. Nilimwambia amechelewa, Mama yako ameondoka bila kumaliza dawa, akasema zimelipiwa na yeye hali pesa ya msiba bure. Akatoa za zamani akanipa mkononi. Kasian, zilikuwa zimevimba na kulainika, ukibonyeza kidole kinazama kama kwenye ugali wa moto, na oili inatoka. Hata ile ya Septemba. Aliniuliza nani alikuwa anaweka oili huku. Nikasema labda injini inavuja. Akaiangalia injini, akaangalia kopo langu na brashi vimekaa pale ukutani, akaendelea na kazi yake.

Plau nimelipaka tangu ujana wangu. Halina raba.

Nataka uniulizie huko kwa wanaojua: je, oili inakula raba? Na dizeli? Wewe ni mwalimu, niambie kama unavyomwambia mwanafunzi. Kabla ya Pasaka tunaweka msalaba wa saruji kaburini, na mimi nataka nisimame pale nikiwa najua.

Baba

*

Tunduru,
19 Machi 2025

Baba yangu,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Nakuombea nguvu kila siku.

Nimeuliza, tena si kwa fundi mmoja. Wote wanasema lile gari lilikuja kutoka nje likiwa na umri mkubwa, na raba zake zilikuwa zimeshachoka kabla halijafika bandarini. Barabara ya mawe ikamalizia. Na ile ya Septemba ilikuwa ya mtumba, haikuwa na maisha. Oili haihusiki, Baba. Raba za gari zimetengenezwa zikijua kwamba zitamwagikiwa oili. Ulilitunza vizuri kuliko mtu yeyote ninayemjua.

Usibebe kitu ambacho si chako. Kama kuna kosa ni langu niliyetuma raba moja badala ya nne.

Mwanao,
Kasian

*

Maretadu,
14 Aprili 2025

Kasian,

Barua yako nimeipata. Hapa nilizoea kuandika kwamba sisi hatujambo. Mimi nipo.

Nicodemo alishaniambia. Nilimfuata Dongobesh siku mbili kabla sijakuandikia, nikakaa mbele yake mpaka akasema. Oili inakula raba, na dizeli inakula zaidi. Barabara ilikuwa na sehemu yake, uzee ulikuwa na sehemu yake, lakini raba zile bila oili, alisema, zingemfikisha Mama yako mwisho wa dawa. Nilijua hilo nilipokuuliza. Nilitaka kuona kama katika nyumba hii amebaki mtu wa kuniambia.

Sikukasirikii. Uliponiambia niendelee hivyo hivyo hukujua, na mimi sikujua. Lakini sasa ulijua, ukanipaka mafuta. Mama yako naye alijua kwamba anaumia. Nilimuuliza ndani ya gari, akasema ni baridi. Alinihurumia kwa sababu aliona nilivyolipenda lile gari, na jinsi nilivyokuwa naliinamia kila Jumamosi. Angesema inauma tangu ile siku ya kwanza, ningeuza ng'ombe wote nikanunua raba nne bila kungoja mshahara wako. Nyinyi wawili mmenihurumia mpaka nimebaki peke yangu.

Usinihurumie tena. Ukiniandikia, niandikie panapouma.

Msalaba umewekwa. Sijalima mwaka huu. Plau limesimama kwenye mvua na limeanza kushika kutu, naliona kutoka mlangoni.

Gari limepona kabisa. Juzi Tadei aliliwasha, akaweka kikombe cha chai juu ya boneti, kimejaa mpaka ukingoni. Hakikumwagika hata tone. Nilisimama nikakitazama mpaka chai ikapoa. Ukipata likizo njoo ulichukue, au uliuze. Mimi sina mtu wa kumpeleka hospitali.

Baba