Mimba Niliyoogopa Kuitaja

Mjukuu wangu Nekesa,

Natumai barua hii itakukuta tumbo limetulia kidogo. Huku tuko salama, mama yako anavuna maharagwe na babu anakohoa kama kawaida. Umeniuliza kama niliwahi kuendesha, yaani kuhara, nikiwa na mimba. Niliwahi, nikiwa na huyo mama yako, tukiishi mjini, mtaa wa Woodley.

Kwetu mimba haikutajwa mbele ya wageni, tuliogopa itaharibika. Kwa hivyo pale zahanati, nikiwa nimejifunga leso mbili kuificha, nilisema tumbo linauma, basi. Nesi akanipa vidonge. Jirani yangu Wanjiru, mtu wa Kinoo, ambako mimba haikufichwa, alikuwa amenisindikiza. Tukiwa mlangoni akaniuliza, "Umemwambia uko na mtoto?"

Nikatikisa kichwa.

"Sasa hiyo dawa amepatia nani, wewe peke yako?"

Akanishika mkono akanirudisha ndani, akamwambia nesi yeye mwenyewe. Nesi akachukua vile vidonge haraka, akanipa vingine, akaniambia ninywe maji yaliyochemshwa hata nikitapika. Mtoto alikuwa hajacheza tangu asubuhi. Nilikunywa mkono ukiwa tumboni, nikiwaza kwamba sasa ameshatajwa, labda ndiyo basi. Jioni akacheza, kidogo tu. Woga wangu haukuisha mpaka nilipojifungua.

Unasema daktari wa huko bado hajui. Nekesa, hata leo nikiandika neno mimba mkono unasita, lakini nimeliandika. Nenda umwambie kabla hujameza chochote, kisha unipigie simu. Nitakaa nayo karibu.

Nyanya yako,
Nafula