Nafuu Niliyomwambia Daktari

Jumanne, 8 Julai
Randa dakika kumi, kisha chini. Ubao wa mninga umelainika nusu. Zuhura kanikuta nimelala kwenye maranda, mume mzima. Mwaka wa sita huu wa kiuno. Kesho Mwanza, hospitali. Nisipopona safari hii, useremala basi.

Alhamisi, 10 Julai
Daktari ni binti, lika la mwanangu wa mwisho. Kaniamkia kabla ya kuniuliza jina. Huenda maumivu yanapitia mishipa midogo ya fahamu kando ya uti wa mgongo. Ataichoma kwa joto la sindano, bila kupasua. Kwanza ganzi ya majaribio. Maumivu yakipungua zaidi ya nusu, anachoma. Yasipopungua, chanzo ni kingine.

Nimedungwa saa nne. Nikatembea, nikainama. Maumivu palepale.

Saa nane karudi, kauliza kwa hamu. Nikasema, "Nafuu, mwanangu. Alhamdulillahi. Zaidi ya nusu." Kwetu Ng'ambo, Tabora, hata anayekata roho akijuliwa hali hujibu nafuu. Mtu amekuhangaikia vile, utamwambiaje hakufanya kitu?

Ijumaa, 11 Julai
Ganzi ya pili, kuhakikisha. Hakuna kitu. Nimesema nafuu tena. Jana ilikuwa adabu. Leo nilijua ni uongo, nikaogopa kurudishwa nyumbani mikono mitupu.

Jumatano, 16 Julai
Wamechoma. Nimelala kifudifudi, macho wazi. Naomba moto ufanye ambacho ganzi haikufanya.

Jumapili, 10 Agosti
Tabora. Daktari aliniambia ningoje wiki tatu. Zimepita. Leo nimeshika randa. Dakika kumi zilezile.

Nimemwambia Zuhura ukweli. Hakugomba. Kanitazama tu, halafu, "Umemtunzia mtoto wa watu furaha yake. Na mimi je?"

Jumatano, 13 Agosti
Nimempigia daktari, nimesema yote. Hakufoka, afadhali angefoka. Angejua siku ile asingechoma, angetafuta kwingine. Anasema nirudi aanze upya. Kwa mgongo upi? Basi la kutoka Mwanza nililishuka kwa kubebwa. Najichukia.

Jumatatu, 25 Agosti
Fundi wa Usoke amekuja kuchukua meza ya kazi. Randa nimempa pia, hakuomba. Zuhura kafagia chumba, kimekuwa kikubwa. Anataka kufugia kuku. Nimekubali.

Alasiri nimelala palepale iliposimama meza. Zuhura kaniletea mto.