“My bad” na maharage ya Mama Emanueli

Jumamosi, katikati ya Aprili. Ukungu ulikaa juu ya kijiji chetu cha Nambis mpaka saa nne, na mimi niliamka na aibu ileile ya wiki nzima.

Jumapili iliyopita nilikuwa nachunga huku nasoma kitabu cha historia. Ndama wetu wakaingia kwenye maharage ya jirani yetu, Mama Emanueli. Kesho yake shuleni nikamwambia mwanawe Emanueli, ambaye tuko naye kidato cha tatu: “My bad. Mwambie na mama.”

Msemo huo nimeuandika kwenye daftari langu la Kiingereza. Maana yake ni “kosa ni langu”. Marafiki huambiana kwa makosa madogo: umemkanyaga mtu, umetoa pasi mbovu. Ukishausema, mambo yameisha, hakuna anayekuuliza zaidi.

Niliyajua hayo. Ndiyo maana niliuchagua.

Niliogopa kwenda.

Kwetu, mifugo ikila shamba la mtu, aliyekuwa anachunga anakwenda mwenyewe, anasalimia, anasema. Hatumi mtu. Juzi bombani Mama Emanueli alimwambia mama mbele za watu, “Mama Neema, binti yako kanitumia Kizungu. Nikakipande?”

Watu wakacheka. Mama hakucheka. Wao wawili hupalilia pamoja kila msimu, kwake kisha kwetu. Mwaka huu magugu yanatufika magotini na Mama Emanueli hajasema tuanze lini.

Leo nimekwenda, na mbegu za maharage kwenye bakuli.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba.” Aliendelea kupepeta mahindi.

Sauti yangu ilikuwa ndogo mno. “Ndama walikula maharage yako, mistari minne. Sikuwaangalia, nilikuwa nasoma. Naomba unisamehe.”

“Mitano. Na hicho kitabu, kilikuwa kitamu?”

“Ndiyo, mama.”

“Heri yako. Maharage yangu nayo yalikuwa matamu, waulize ndama.” Akanyanyuka, akanipa jembe.

Nimepanda mpaka mchana, mistari mitano. Hakusema kwamba amenisamehe. Nilipoaga alisema tu, “Mwambie mama yako Jumatatu tunaanza kwenu.”

Nimefika nyumbani nikihema kwa kukimbia.

Amebaki Emanueli. Nilimbebesha kosa langu alipeleke kwa mama yake, akagombezwa yeye. Kesho tukitoka kanisani nitamwambia hivyo, nikimtazama usoni.

Nadhani nitaweza.