Kuku wa Shangazi Akumu

Rebeka, nina hasira naweza kulia!

Mwanangu Nathaniel karuhusiwa hospitali jana. Ule uvimbe wa maji kwenye figo wameutoa kwa vitundu vitatu tu ubavuni. Leo shangazi yake Akumu kaja toka Shirati na kuku wa kumpa pole mgonjwa, kamkuta anatembea uani.

"Kidonda kiko wapi?"

Akamwonyesha plasta tatu. Shangazi akasema tumetapeliwa, figo haifikiwi kwa tundu la kalamu!

Nimeingia jikoni, kurudi nakuta kazibandua zote. ZOTE! Anaminya, eti anatafuta kidonda chenyewe! Mikono ileile iliyoshika kuku!

Tundu moja limefumuka. Tumerudi hospitali, anashonwa upya, analia. Shangazi kakaa kitandani kwake, katulia kabisa:

"Haya, sasa huyu ndiye mgonjwa."